Je, Israel Ndiyo Chanzo cha Masaibu ya Marekani Mashariki ya Kati?

Siku ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, saa 4:39 asubuhi, lori lililosheheni mabomu lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani uliokuwa Barabara ya Laibon, hapa Dar es Salaam. Lori la maji lililokuwa langoni lililizuia lisiingie ndani, vinginevyo maafa yangekuwa makubwa zaidi. Hata hivyo watu 11 walikufa na zaidi ya 80 walijeruhiwa. Nairobi, ambako bomu jingine lililipuka dakika chache kabla, waliokufa walikuwa 213. Miongoni mwa waliokufa Dar hakuwamo Mmarekani hata mmoja.

Ukimuuliza mtu wa makamo katika jiji hili kwa nini Wamarekani walifuatwa hadi kwetu, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: Israel. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini tarehe yenyewe inaelekeza kwingine. Miaka minane kamili kabla ya milipuko ile, Agosti 7, 1990, majeshi ya Marekani yalianza kupelekwa Saudi Arabia baada ya Saddam Hussein wa Iraq kuivamia Kuwait. Kwa Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, kundi lililotega mabomu yale, askari wa kigeni katika nchi ya Makka na Madina walikuwa najisi isiyovumilika. Tangazo lake la vita la mwaka 1996 liliwalenga wao kwanza. Lile la Februari 1998, miezi sita kabla ya mabomu, lilitaja malalamiko matatu kwa mpangilio huu: majeshi ya Marekani katika Rasi ya Arabuni, vikwazo na mashambulizi dhidi ya Iraq, kisha Israel na Yerusalemu. Israel ilikuwamo, ila ilikuja ya tatu.

Ninalikazia jambo hili kwa sababu watu wetu walikufa, na vijana wawili wa Kitanzania wanatumikia kifungo cha maisha Marekani kwa kushiriki. Waliopatwa na msiba wana haki ya kuelezwa sababu zilizonyooka, si zile zinazopendeza masikioni.

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo na Magomeni, hoja huwa inakwenda hivi: Marekani ana pesa, ana jeshi, hana ugomvi wa asili na Waarabu wala Waajemi, basi kinachomponza ni kumkumbatia Israel. Amwache leo, kesho atakuwa na amani. Upande wa pili wa mtaa, kwa waumini wengi wanaosoma Israel ya Biblia na kuiona moja kwa moja katika dola lililoundwa mwaka 1948, hoja ni kinyume chake: Marekani angeshapata hasara kubwa zaidi kama asingesimama na Israel. Kambi zote mbili zinazungumza kana kwamba Mashariki ya Kati ina tatizo moja lenye mzizi mmoja. Binafsi naona njia pekee ya kulifungua fundo hili ni kuchukua tatizo mojamoja na kuuliza: urafiki ule usingekuwapo, hili lingetokea?

Tuanze na mafuta, maana ndiyo yaliyomwita Marekani huko. Februari 1945, vita vikuu vikiwa bado havijaisha, Rais Franklin Roosevelt alikutana na Mfalme Abdulaziz wa Saudi Arabia ndani ya manowari USS Quincy, katika maji ya Mfereji wa Suez. Dola la Israel lilikuwa bado kuzaliwa kwa miaka mitatu na ushee. Mfalme alipinga waziwazi mpango wa kuwahamishia Wayahudi Palestina, lakini hilo halikuzuia uhusiano wa mafuta na ulinzi ambao umedumu hadi leo.

Kisha Iran. Mwaka 1951 bunge la nchi hiyo lilitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza, na Waziri Mkuu Mohammad Mossadegh akawa shujaa wa wananchi. Mwaka 1953 majasusi wa Marekani na Uingereza walisaidia kumpindua na kumwimarisha Shah, mfalme wa nchi hiyo. Miaka 26 baadaye Shah alipong'olewa, wanafunzi walivamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran, na Wamarekani 52 wakashikwa mateka kwa siku 444. Ugomvi huu wa Marekani na Iran ndio mkongwe na mzito kuliko yote aliyonayo katika eneo lile, na umezaliwa na mapinduzi ya 1953, na mafuta, na hofu ya Usovieti. Israel haikuwa na sehemu ya maana katika kuuzaa. Mwaka 1988, manowari ya Marekani USS Vincennes ilipoitungua ndege ya abiria ya Iran na kuua watu 290, Iran ilikuwa vitani na Iraq ya Saddam, na Marekani ilikuwa ikimuunga mkono Saddam. Tena katikati ya vita hiyo, mwaka 1985 na 1986, silaha za Marekani zilipenyezwa kwa siri kwenda kwa Iran ya Khomeini, na baadhi zilipitia Israel yenyewe.

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba Marekani na Israel walikuwa chanda na pete tangu siku ya kwanza. Ni kweli kwamba Harry Truman aliitambua Israel dakika 11 tu baada ya kutangazwa, Mei 14, 1948, dhidi ya ushauri wa Waziri wake wa Mambo ya Nje, George Marshall. Lakini silaha hazikufuata. Hadi vita vya 1967 kati ya Israel na Waarabu, muuzaji mkubwa wa silaha kwa jeshi la Israel alikuwa Ufaransa. Mwaka 1956, Israel, Uingereza na Ufaransa zilipoivamia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, Rais Dwight Eisenhower aliwabana wote watatu hadi wakaondoka. Makombora ya kwanza ya maana ya Marekani kwa Israel, ya kujikinga na ndege, yaliidhinishwa na John Kennedy mwaka 1962, na uuzaji wa ndege za kivita za Phantom uliidhinishwa mwaka 1968 chini ya Lyndon Johnson. Urafiki tunaoujua leo ni mtoto wa Vita Baridi: Usovieti ilikuwa ikiwapa silaha Misri na Syria, Marekani ikachagua upande wake.

Kwa hiyo wanaosema urafiki huu ndio uliompeleka Marekani Mashariki ya Kati wanageuza mpangilio wa miaka. Alikuwa ameshafika na ameshapata maadui.

Mahali ambapo hoja ina nguvu

Lakini nisingependa msomaji aishie hapo, kwa sababu kuna matatizo ambayo, ukiyapitisha kwenye kipimo kile kile, yanarudi moja kwa moja kwa Israel.

Oktoba 1973 Misri na Syria ziliishambulia Israel. Marekani iliitumia Israel misaada mikubwa ya silaha kwa ndege, na nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikajibu kwa kuinyima Marekani mafuta na kupunguza uzalishaji. Bei ya pipa ikapanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12 ndani ya miezi michache. Hilo ni tatizo ambalo bila urafiki ule lisingetokea kwa namna ile. Na halikuwaumiza Wamarekani peke yao. Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano na Israel mwezi huo huo wa Oktoba, pamoja na nchi nyingi za Afrika. Bei mpya ya mafuta tuliilipa kama walivyolipa wengine, tena wakati nchi ikiwa katika ukame na ikinunua chakula nje.

Mwaka 1982 Israel iliivamia Lebanon. Askari wa Marekani walipelekwa Beirut kama walinzi wa amani, wakaonekana na wapiganaji wa pale kuwa upande mmoja wa vita. Oktoba 23, 1983, lori la mabomu liliua askari 241 wa Marekani katika kambi yao, na bomu jingine likaua Wafaransa 58. Mwaka uliofuata Marekani ikaondoka.

Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ilieleza kwamba Khalid Sheikh Mohammed, aliyeyabuni, hakuwa na chuki iliyotokana na maisha yake ya uanafunzi Marekani. Ilitokana na kupinga vikali sera ya Marekani ya kuipendelea Israel. Mwaka 2010 Jenerali David Petraeus, aliyekuwa akiongoza majeshi ya Marekani katika eneo hilo, aliiambia kamati ya Seneti kuwa mgogoro wa Israel na Waarabu unachochea chuki dhidi ya Marekani kwa sababu watu wanaiona imeegemea upande mmoja. Huyo ni jenerali wa Marekani mwenyewe, akisema kile kile kinachosemwa kila siku Kariakoo.

Hapo ndipo ninaposimama. Urafiki na Israel haukumzalia Marekani maadui wake wengi. Umewapa maadui hao lugha ambayo mtu wa kawaida anaielewa na kuikubali. Mfanyabiashara wa Cairo au mwalimu wa Unguja hawezi kukesha akiwaza habari za Mossadegh, lakini picha za Gaza anaziona kwenye simu yake kila usiku. Bin Laden alilijua hilo vizuri. Kadiri alivyohitaji kuungwa mkono na watu wengi, ndivyo Palestina ilivyozidi kusogea mbele katika hotuba zake.

Na kuna jambo la pili, ambalo limekua zaidi tangu kundi la Kipalestina la Hamas liishambulie Israel Oktoba 7, 2023. Marekani na Israel hawana mkataba rasmi wa kulindana kama ule wa nchi za NATO. Walichonacho ni cheo cha mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO, tangu 1987, na makubaliano ya misaada ya kijeshi yaliyotiwa saini mwaka 2016 chini ya Barack Obama: dola bilioni 38 kwa miaka kumi, kuanzia 2019 hadi 2028. Pamoja na hayo kuna kura ya turufu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Wakati wa vita vya Gaza Marekani imeitumia mara kadhaa kuzuia maazimio ya kusitisha mapigano, mara nyingine wajumbe wengine wote 14 wakiwa wameunga mkono. Ukimdhamini mwenzako kwenye kikoba, deni si lako, lakini akishindwa kulipa wanaokuja kugonga mlango wanagonga wako. Marekani amejiweka katika nafasi ya mdhamini, bila kuwa na neno la mwisho juu ya kile mdhaminiwa anachokopa.

Tazama mambo yalivyofuatana. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu wakisema wanaitetea Gaza, na Januari 2024 Marekani na Uingereza zikaanza kuwapiga mabomu. Mwezi huo huo droni iliua askari watatu wa Marekani katika kituo kimoja nchini Jordan. Juni 13, 2025 Israel iliishambulia Iran. Siku tisa baadaye ndege za Marekani zikapiga vituo vya nyuklia vya Fordow, Natanz na Isfahan, na Iran ikajibu kwa makombora kuelekea kambi ya Marekani ya Al Udeid huko Qatar. Septemba 9, 2025 ikaja iliyowashangaza wengi zaidi: Israel ilipiga Doha, mji mkuu wa Qatar, ikiwalenga viongozi wa Hamas waliokuwa katika mazungumzo. Qatar ni mwenyeji wa kambi kubwa kuliko zote za Marekani katika eneo hilo. Rafiki mmoja wa Marekani alikuwa amemshambulia rafiki mwingine wa Marekani. Kabla mwezi haujaisha, Waziri Mkuu wa Israel, Benjamin Netanyahu, alimpigia simu waziri mkuu wa Qatar kuomba radhi akiwa Ikulu ya Washington, na Donald Trump akatia saini amri ya kuihakikishia Qatar ulinzi.

Sioni namna ya kuyaeleza matukio hayo bila kuutaja urafiki huu. Hata anayeupenda hana budi kukubali kwamba katika miaka hii umemwingiza Marekani kwenye mapigano ambayo ratiba yake iliandikwa na mtu mwingine.

Nani anamwongoza nani

Mwaka 2006 wasomi wawili wa Kimarekani, John Mearsheimer wa Chuo Kikuu cha Chicago na Stephen Walt wa Harvard, waliandika kwamba makundi ya ushawishi yanayoitetea Israel ndiyo yanayoipotosha sera ya Marekani, hata kuchangia uamuzi wa kuivamia Iraq mwaka 2003. Mjadala ulikuwa mkali. Noam Chomsky, ambaye hakuna anayeweza kumwita mtetezi wa serikali ya Israel, aliwapinga: kwake Marekani ilikuwa ikifuata maslahi yake yenyewe, mafuta na ubabe, na Israel ilikuwa chombo kilichofaa.

Ushawishi upo. AIPAC, kundi maarufu kuliko yote, lina nguvu ya kweli katika uchaguzi wa wabunge. Lakini rais anapoamua kwa dhati hushinda. Mwaka 1981 Ronald Reagan aliiuzia Saudi Arabia ndege za upelelezi za AWACS ingawa kundi hilo lilipambana kufa na kupona, na Seneti ikampitishia kwa kura 52 dhidi ya 48. Machi 2015 Netanyahu alikwenda hadi ndani ya Bunge la Congress kupinga mkataba wa nyuklia na Iran. Julai mwaka huo mkataba ulipatikana. Uliuawa mwaka 2018 na Trump, rais mwenyewe, kwa hiari yake. Kuhusu Iraq, Netanyahu, ambaye wakati huo hakuwa na cheo serikalini, aliwahimiza wabunge wa Marekani mwaka 2002 waunge mkono vita. Hata hivyo walioamua walikuwa Rais George W. Bush, makamu wake Dick Cheney na Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld, na walikuwa na sababu zao, ikiwamo ile ya silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana.

Hapa kuna neno la kusema bila kuzunguka. Habari zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kwamba Wayahudi wanaitawala Marekani, au dunia nzima, ni uongo wa zamani uliowahi kuua mamilioni ya watu. Sehemu kubwa ya uungaji mkono wa Israel nchini Marekani inatoka kwa Wakristo wa kiinjili, ambao ni wengi kuliko Wayahudi wote wa nchi hiyo, na Wayahudi wengi wa Kimarekani wameandamana kupinga vita vya Gaza. Anayelaumu sera alaumu sera.

Pia lawama yote ikiangukia Israel, kuna watu wanaopona kirahisi. Viongozi wa Kiarabu waliokodisha ardhi kwa majeshi ya kigeni wanapona. Marekani yenyewe inapona, kana kwamba ni taifa kubwa lisilo na akili wala tamaa, linalokokotwa na nchi ndogo. Misri hupokea dola bilioni 1.3 za msaada wa kijeshi kwa mwaka. Kikosi cha Tano cha jeshi la majini la Marekani kiko Bahrain. Ukikata uhusiano na Israel kesho asubuhi, kikosi hicho hakitahama, kwa sababu kiko pale kwa ajili ya Mlango wa Bahari wa Hormuz, ambako mwaka 2024 ilipita takriban sehemu moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani.

Tunavyoguswa sisi

Hormuz na Bahari ya Shamu si majina ya mbali kwa Dar es Salaam. Mafuta yetu mengi hutoka Ghuba au hupitia kwa wafanyabiashara wa huko. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na dereva wa bodaboda anayenunua mafuta ya shilingi elfu tano kituoni huona siku hiyo hiyo kama lita zimepungua. Wahouthi walipoanza kupiga meli, makampuni makubwa yalizizungusha hadi Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, safari ikaongezeka kwa siku nyingi na nauli za kontena zikapanda. Mwenye duka Kariakoo aliyeagiza vipuri au vitambaa kutoka Uturuki alilipa tofauti hiyo, na sisi tukamlipa yeye.

Na si mfukoni tu. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo waliuawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023, na familia ya mmoja wao ilisubiri miaka miwili kabla ya mwili wa mtoto wao kurejeshwa. Tanzania ina ubalozi Tel Aviv tangu 2018, na Palestina ina ubalozi wake hapa Dar. Tumewahi kuwa marafiki wa Israel katika miaka ya 1960, tukavunja uhusiano mwaka 1973, tukaurudisha mwaka 1995. Nchi yetu inajua kwamba uhusiano wa aina hii unaweza kubadilishwa, na kwamba kubadilishwa kwake hakumalizi kila kitu.

Kwa anayetaka kufuatilia suala hili kwa umakini, mwaka wa kuutazama ni 2028, makubaliano ya dola bilioni 38 yatakapofika mwisho. Kura za maoni nchini Marekani zimeonyesha vijana, hasa wa chama cha Democratic, wakiiunga mkono Israel kidogo sana kuliko wazazi wao, na hata ndani ya Republican kuna sauti zinazohoji misaada hiyo. Makubaliano mapya yakija na masharti ya wazi kuhusu matumizi ya silaha na makazi ya walowezi katika Ukingo wa Magharibi, mdhamini atakuwa ameanza kudai neno lake. Yakija bila masharti, Marekani atakuwa ameuchagua mzigo huo kwa miaka mingine kwa mkono wake mwenyewe. Na katika hali zote mbili, ugomvi wake na Iran, kambi zake za Ghuba na uhitaji wa dunia wa mafuta yale vitabaki mezani, vikisubiri maamuzi ambayo Israel haiwezi kumfanyia.